Daktari wa Lifti

Mama Pasi alipata jina lake kwa sababu mbili, na kila mtu alishika ile iliyomkaa. Wenzake kazini walisema ni ile miaka ishirini na miwili aliyomaliza kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kuu, chini ya ardhi, akinyoosha mashuka ambayo kabla ya kesho yake mgonjwa mwingine angeyakunjakunja. Majirani walisema ni kwa sababu kila mtoto aliyelelewa kwake alipasi mitihani. Yeye mwenyewe hakujaaliwa kuzaa. Ndugu wa mume walilisema jambo hilo chini chini kwa miaka sita, kisha wakalisema juu juu, mwishowe mume akaondoka pamoja na ndugu zake na maneno yao. Mama Pasi akabaki na vyumba viwili, cherehani mbovu, na ulimi uliokuwa na moto kuliko pasi.

Hakukaa kulia. Alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii akaomba kuwa mama mlezi. Wakaja kumkagua mara nne. Walipima madirisha, wakahesabu vijiko, wakamuuliza kama ana hasira.

"Ninazo," akasema. "Lakini sizitoi bure."

Wakampa kibali. Walitoka mikononi mwake watoto watano, mmoja mmoja, na wote wanajitegemea hadi leo. Wa sita aliletwa ana umri wa miaka tisa, kashika mfuko wa plastiki wenye nguo mbili. Afisa wa ustawi alikuja nyuma akihema na faili. Faili lilikuwa nono kuliko mtoto.

"Amepita nyumba nne," afisa akanong'ona mlangoni, kana kwamba mtoto ni kiziwi. "Ni mharibifu."

Siku ya tatu Mama Pasi alirudi kazini akakuta mlango wa chumba cha kulala hauna kitasa. Kitasa kilikuwa sakafuni, vipande vyake vimepangwa kwenye gazeti kwa ukubwa, kama vyombo vya mpasuaji. Binti alikuwa amekaa mbele yake na kisu cha mezani, uso umemshuka, anangoja kupigwa.

"Ulikuwa unatafuta nini humo ndani?" Mama Pasi akauliza.

"Nilitaka kuona kinavyofunga." Binti akagusa kipande kimoja kwa kidole. "Kule nyumba ya pili walikuwa wananifungia kwa nje."

Mama Pasi alivua viatu, akakaa naye sakafuni. Hakusema pole, maana pole binti alishapewa nyingi na hakuna iliyofungua mlango. Alisema tu, "Ukimaliza, kirudishe kama kilivyokuwa. Na kisu changu ukiache. Kesho nitakutafutia bisibisi."

Kitasa kilirudi mahali pake kabla ya chakula, na skrubu moja ikazidi. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita binti huyo Bisibisi, na lile jina la kwenye faili likabaki kuwa la faili.

* * *

Sasa, watoto wa malezi walikuwa na mfuko wao wa ufadhili. Jina lake rasmi lilikuwa refu kiasi kwamba hata mlinzi wa getini hakuwahi kulimaliza, kwa hiyo watu waliuita Mfuko wa Ndoto. Ulisomesha watoto kweli, hilo tusiukosee adabu. Ila ulikuwa na sharti moja: hakuna mtoto anayesomeshwa bila ndoto. Kila aliyefika miaka kumi na tatu aliitwa ofisini, akawekwa mbele ya fomu, na ndoto yake ikaandikwa kwa wino usiofutika.

Aliyeziandika ni Mratibu, kijana wa viatu vinavyong'aa na shati lisilojua jasho. Ukutani nyuma yake palikuwa na maandishi: NDOTO HAINA DARI. Juu ya maandishi hayo dari lilikuwa linavuja.

"Haya, binti yangu," Mratibu akamwambia Bisibisi, ingawa alimzidi miaka kumi na mitatu tu. "Ukiwa mkubwa unataka nini?"

Bisibisi alifikiri. Kila likizo alikuwa akishinda hospitalini na Mama Pasi, maana masharti ya ulezi yalikataza kumwacha peke yake nyumbani. Kuna jambo moja lilikuwa likimnyima raha.

"Nataka kujua kwa nini lifti ya hospitali inakwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu."

Mratibu aliinua kalamu, akaitazama fomu. Palikuwa na visanduku vinane: daktari, mwanasheria, rubani, mhandisi wa mafuta, na vingine vya ukoo huohuo. Lifti haikuwamo. Lakini hospitali aliisikia vizuri.

"Anataka kufanya kazi hospitalini," akasema kwa furaha, akatia alama. "Daktari! Hongera sana."

"Hakusema hivyo," Mama Pasi akaingilia.

"Mama, watoto husema kwa mafumbo. Sisi tumesomea kuwaelewa."

Wiki iliyofuata walikuja kumpiga picha. Mpiga picha alitaka koti jeupe, na kwa kuwa Mfuko haukuwa nalo, ilibidi Mama Pasi aazime moja kwenye chumba cha kufulia na kulinyoosha kwa mikono yake mwenyewe. Koti lilimfika Bisibisi magotini. Picha ikatoka kwenye kalenda ya mwaka, mwezi wa sita: binti kakunja uso, kifaa cha kusikiliza moyo kinaning'inia shingoni, na chini yake maneno, "Daktari wetu wa kesho." Bisibisi aliipenda kalenda hiyo kwa jambo moja. Ilikuwa na nafasi ya kutosha kuandika.

Akaanza kuandika. Kila lifti ilipokwama alitia alama tarehe na saa.

Lifti ile ilikuwa na fundi wake, mwajiriwa wa kampuni ya nje, mnene, mwenye goti bovu lililompa jina la Fundi Goti. Alikuwa mtu wa kununa. Chumba cha mitambo kilikuwa juu kabisa, na lifti ikifa hakuna njia ya kukifikia isipokuwa ngazi, ghorofa saba, na goti lile. Alikuwa akisimama ghorofa ya pili kupumzika na kuitukana lifti, ya nne kulitukana goti, na ya sita kumtukana aliyejenga hospitali. Akifika juu anazima, anawasha, mashine inapona, anashuka. Baada ya siku tatu anaitwa tena.

Siku moja Bisibisi alimpelekea kalenda.

"Shikamoo, Fundi. Inakwama Jumanne na Ijumaa tu. Saa nne mpaka saa tano asubuhi."

"Marahaba. Nani kakwambia? Mashine haijui Jumanne."

"Jumanne na Ijumaa ni siku za mashuka ya wodi ya tatu."

Fundi Goti aliitazama kalenda, akamtazama mtoto, akayatazama maandishi ya "Daktari wetu wa kesho," akakuna kichwa. Ijumaa hiyo walikwenda wote wawili kusimama ghorofa ya tatu. Saa nne na robo likaja toroli la mashuka, linasukumwa na mtu aliyechoka. Gurudumu likagota kizingiti cha lifti, toroli likayumba, na pembe yake ya chuma ikaubamiza mlango. Dakika kumi baadaye lifti ikakwama.

Fundi alifungua mlango kwa ufunguo wake, akamwamuru mtoto asimame mbali na kumulika tochi tu. Ndani kulikuwa na kigurudumu kidogo cha komeo, kilichosogea upana wa kucha kila mlango ulipobamizwa, na kurudi mashine ilipowashwa upya. Kikisogea, lifti ilipokaribia ghorofa ya tatu ilikigusa, ikadhani mlango uko wazi, ikasimama kwa woga wake. Miaka minne hospitali nzima ilipanda ngazi kwa ajili ya upana wa kucha.

Habari zilipofika chumba cha kufulia, Mama Pasi aliweka pasi chini.

"Toroli la mashuka? Toroli letu?" akasema. "Kumbe miaka yote namlaani fundi wa watu, na mchawi ni mimi!"

Tangu hapo Fundi Goti alikubali kumfundisha. Wala msimpambe kwa wema mkubwa. Alitaka mtu wa kumsomea michoro, kwa sababu miwani yake ilivunjika na alikuwa bahili wa kununua nyingine, na baadaye alitaka miguu mizima ya kupanda ngazi. Lakini mwalimu anayekufundisha kwa faida yake hachoki mapema, na Bisibisi alijifunza.

* * *

Shuleni mambo yalikwenda jinsi ambavyo mtu yeyote asiye na fomu angeweza kubashiri. Fizikia na hesabu alizila kama karanga. Biolojia ikamla yeye. Siku ya kupasua panya alizimia kabla ya panya kuletwa. Mfuko ukamlipia masomo ya ziada ya biolojia, kisha ya ziada ya yale ya ziada. Mratibu alimpeleka kwenye warsha za Jumamosi ambako watoto wa malezi walifundishwa kujiamini, kupeana mikono kwa nguvu, na kutazama watu machoni. Bisibisi alifuzu kupeana mikono. Kumtazama panya machoni kukashindikana.

Matokeo ya mwisho yalitoka mwezi uleule alipotimiza miaka kumi na minane. Zikaja barua mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilisema amefanya vizuri sana katika masomo yote isipokuwa lile la ndoto yake. Ya pili ilitoka ustawi wa jamii: "Mtajwa hapo juu amehitimu malezi. Faili limefungwa."

Mama Pasi aliisoma mara tatu. Kisha akavaa gauni lake la kwendea misibani, akaenda ofisini.

"Nimekuja kuuliza," akamwambia afisa. "Kuhitimu malezi kuna sherehe? Anavaa joho? Au anapewa tu mfuko wake wa plastiki anatoka?"

"Mama, ndiyo sheria. Kuanzia sasa si mtoto wako."

"Jana alikuwa wangu, leo kala keki, si wangu. Basi ningeificha keki."

Afisa aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafaili mia mbili na viti viwili. Mama Pasi alirudi nyumbani, akamkuta Bisibisi anakunja nguo kwenye mfuko kimyakimya, kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nne.

"Unakwenda wapi?"

"Faili limefungwa, Mama."

"Mimi ni faili?" Mama Pasi akaunyakua mfuko, akaumwaga kitandani. "Rudisha nguo kabatini. Na ukae uniambie unataka kusoma nini, maana kesho tunakwenda kuwaona wenye ndoto zao."

Kamati ya Mfuko ilikutana ghorofa ya tano ya jengo la vioo. Walikuwa saba kuzunguka meza yenye maji ya chupa, na aliyekaa kichwani ni Mwenyekiti, bwana wa tai pana aliyezoea kuongea kana kwamba kila neno lake linapigiwa makofi mahali fulani.

"Chuo cha ufundi?" alisema. "Lifti? Lakini binti yetu, wewe ni daktari."

"Sijawahi kuwa daktari, Mheshimiwa."

"Uko kwenye kalenda! Wafadhili wanakujua. Kuna bibi mmoja nchi ya mbali anakuombea kila asubuhi upasue vizuri."

Wakaanza kujadili, huku Bisibisi amesimama kama kabati linalotafutiwa kona. Mmoja akapendekeza uuguzi. Mwingine famasia. Wa tatu, baada ya kutafakari sana, akasema tiba ya mifugo, kwa sababu ng'ombe hawalalamiki. Mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu akauliza kwa upole, "Lakini mwanangu, kazi ya lifti si ya wanaume?"

"Lifti haijawahi kuniuliza, Mama."

Mama Pasi alikuwa ameahidi kunyamaza. Aliitimiza ahadi hiyo kwa dakika kumi na moja.

"Waheshimiwa, naomba niseme. Nimefua mashuka ya madaktari na mashuka ya wagonjwa, na uchafu ni uleule. Mtoto huyu kapata alama za juu katika kila kitu alichokipenda. Mnataka kumlipia miaka saba akazimie mbele ya maiti, ili kalenda isidanganye?"

"Mama, kuna utaratibu," Mwenyekiti akasema. "Kubadili ndoto kunahitaji kikao maalumu. Tutalileta kikao kijacho."

"Lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Chuo kinafunga maombi wiki ijayo."

"Basi," akasema Mwenyekiti, akifungua chupa ya maji, "tumwombee."

Kwenye korido Bisibisi hakulia. Alisimama mbele ya lifti ya jengo lile, akasikiliza inavyopanda, akasema kwa sauti iliyokauka, "Breki yake inalia. Waambie waitazame." Mama Pasi alimshika mkono, na yeye ndiye aliyetokwa na machozi, tena ya hasira, yale yanayochoma.

Mratibu aliwakimbilia. Viatu bado viling'aa, ila uso ulikuwa na haya.

"Mama, mimi ndiye niliyetia ile alama."

"Tunajua. Tulikuwepo."

"Nimeandika ndoto za watoto mia tatu na kumi. Hakuna aliyewahi kuniuliza yangu."

"Haya, yako ipi?"

"Kuwa refa wa mpira."

Mama Pasi alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Ndiyo maana unapenda kuamua mambo hujaona vizuri. Sasa utatusaidia, au umekuja kupuliza filimbi?"

Akawasaidia. Kubadili ndoto kulikatazwa, lakini kuifafanua hakukukatazwa popote. Kwenye daftari la wafadhiliwa, mbele ya neno "Daktari," Mratibu aliongeza kwa mkono wake maneno mawili: "wa lifti." Karani wa kompyuta alipoyanakili aliona nafasi haitoshi, akayaacha. Kwa miaka minne Mfuko ulilipa karo ya chuo cha ufundi, risiti zikiwa na muhuri wa chuo cha ufundi, na kila mwaka taarifa ikasomwa kuwa daktari anaendelea vizuri. Watu saba waliitia saini. Kusoma ni kazi nyingine.

* * *

Chuo hakikuwa lelemama. Mabweni yalifungwa kila likizo, na waliotunga sheria hiyo bila shaka walikuwa na makwao. Bisibisi alirudi kwa Mama Pasi, na likizo ya pili akaja na mwenzake, binti mwingine wa Mfuko ambaye faili lake nalo lilifungwa na ambaye alikuwa analala kwenye stoo ya kanisa. Huyo alikuwa ameandikiwa urubani, na ngazi ya vipande sita ilimtia kizunguzungu. Mama Pasi alitandika godoro la pili bila kuuliza. "Daktari na rubani chini ya paa moja," akawaambia majirani. "Nimebakiza rais."

Mafunzo ya kazini Bisibisi aliyafanyia kwenye kampuni ya Fundi Goti. Msimamizi alimpokea vizuri, akamwonyesha birika. Miezi miwili alipika chai na kupanga skrubu stoo. Siku waliyokwama kwenye jengo la benki, mafundi watatu wameinama juu ya mchoro wanabishana, yeye aliyeleta chai akautazama kichwa chini miguu juu, akasema, "Mmeunganisha waya wa ghorofa ya nne kwenye ya tano." Wakamcheka. Wakaenda kuangalia. Waliporudi hawakucheka, na wala hawakumpongeza, maana wanaume wana aibu zao. Ila kesho yake kila mtu alijipikia chai. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa leseni akawa wa pili katika kumi na tisa. Fundi Goti, aliyekuwa anastaafu, alimpa tochi yake na kusema maneno pekee matamu aliyowahi kumwambia: "Usiipoteze. Ni ya gharama."

Mfuko ulipotimiza miaka ishirini, ukamwalika "daktari wetu wa kwanza" kuhutubia. Mratibu hakuwepo kuwatahadharisha. Alikuwa ameshaacha kazi, anachezesha mechi za shule na kurushiwa maganda ya machungwa, na waliomwona walisema hajawahi kuwa na furaha kiasi hicho. Ukumbi ulijaa. Kabla hata Bisibisi hajakaa, mfadhili mmoja mzee alimwegemea sikioni. "Daktari, huu mgongo wangu, nikiinama..."

"Usiiname, Babu," Bisibisi akamwambia. "Zaidi ya hapo umwone mtu wa migongo. Mimi ni fundi wa lifti."

Akayarudia hayohayo kwenye maikrofoni, bila mapambo. Alieleza fomu, kalenda, panya, na faili lililofungwa siku ya keki. Mama Pasi, kiti cha mstari wa nne, alikuwa akitafuna sambusa polepole asikose neno. Wote wakamgeukia Mwenyekiti. Huyo naye akainuka, akafungua mikono, akapaza sauti:

"Ndugu wageni! Hayo ndiyo mafanikio yetu! Mfuko wetu umemtoa binti wa kwanza fundi wa lifti!"

Makofi yakaanguka kama mvua. Wakampa ngao ya kioo na kumfanya mjumbe wa kamati.

Mwaka uliofuata fomu ilikuwa na kisanduku kipya, cha kwanza kabisa juu: fundi wa lifti. Mabinti kumi na mmoja waliitwa ofisini, na wote kumi na mmoja wakatiwa alama hapo. Mmoja wao alitoka akilia. Alikuwa anataka udaktari.

Mama Pasi alizipata habari hizo dukani, akampigia simu Bisibisi, aliyekuwa kazini juu ya jengo. Bisibisi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika.

"Mama, Jumamosi hii sina zamu. Wanapatikana wapi?"

Jumamosi akaenda na ovaroli yake, akakaa na mabinti wale kwenye chumba cha warsha, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Hakuwa na fomu. Aliuliza, akangoja, na kama mtu alikaa kimya alimwacha akae. Wawili waliupenda ufundi kweli, akaandika majina yao nyuma ya risiti. Wanane hawakujua wanataka nini, akawaambia hata yeye katika umri huo alijua kitu kimoja tu, na hakikuwa na jina. Yule aliyetaka udaktari, Bisibisi alimwambia moja kwa moja kwamba yeye mwenyewe biolojia haiwezi hata kidogo, ila atasimama naye mbele ya kamati mpaka ile alama ihame.

Mwenyekiti alikuwa amempeleka mpiga picha. Alikaa ngazini kuanzia saa tatu na kamera yake mapajani, na kila alipogonga, Mama Pasi, ambaye aliweka kiti chake mbele ya mlango na kushona vifungo vya shati, alimjibu kwamba hakuna cha kupiga, watu wanaongea.